Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: wikendi ya majani ya vuli huko Nikko, Japani

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye Jumamosi na Jumapili tu mkononi: mwanafunzi anayeishi Tokyo, aliyekuja Japani kwa kozi fupi au kutazama magari mnadani, au aliyetenga siku mbili katikati ya safari ndefu. Mahali nilipochagua ni Nikko, katika mkoa wa Tochigi, pamoja na milima iliyo nyuma ya mji, inayoitwa Oku-Nikko. Bei nilizotaja zichukue kama makadirio, na ratiba za treni na basi zitazame upya wiki yenyewe ya kusafiri. Saa nilizoandika kwa tarakimu ni za stesheni: 07:00 ni saa moja asubuhi. Nilizoandika kwa maneno ni za Kiswahili.

Kwa nini Nikko, wakati kila mtu anasema Kyoto?

Kwa sababu ya wikendi. Kutoka Tokyo hadi Kyoto ni zaidi ya saa mbili kwa Shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, nauli inauma, na mwishoni mwa Novemba mahekalu ya huko hujaa hadi unatazama visogo vya wenzako kuliko majani. Nikko iko kilomita 135 hivi kwa reli kutoka stesheni ya Asakusa, Tokyo, unafika kabla hujamaliza usingizi wa njiani, na nyuma ya mji kuna hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1934 yenye ziwa, maporomoko ya maji, mbuga ya kinamasi na majimoto.

Sitakudanganya kwamba Nikko hakuna watu. Wapo, tena wengi. Ila umati wa Nikko unakaa barabarani na kwenye mahekalu. Ukishafika juu na kutembea nusu saa tu kwenye njia za mbao, unabaki na wapiga picha wachache na wazee wa Kijapani wenye fimbo za kupandia mlima, ambao watakupita huku wakikuamkia.

Niende wikendi gani hasa?

Kila mtu anataka atajiwe tarehe. Mimi nitakutajia mwinuko kwanza, kwa sababu ndio unaoamua.

Joto hushuka takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Stesheni za Nikko ziko mita 540 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Chuzenji liko mita 1,269. Mbuga ya Senjogahara iko kama mita 1,400, na Yumoto, kijiji cha majimoto ambako basi hugeuzia, kinakaribia mita 1,500. Kwa hiyo ukiwa Yumoto uko kwenye baridi iliyozidi ya mjini kwa nyuzi tano au zaidi, siku hiyohiyo, kwa nauli ya basi moja. Rangi huanzia huko juu, halafu inateremka mlima taratibu kwa wiki sita hivi.

Katika mwaka wa kawaida mambo huenda hivi. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba nyasi za Senjogahara hugeuka rangi ya shaba. Oktoba ikikaribia katikati, zamu ni ya Yumoto na maporomoko ya Ryuzu. Kuanzia tarehe 20 hivi ni ufuko wa ziwa na maporomoko ya Kegon. Mwisho wa Oktoba hadi siku za kwanza za Novemba ni barabara ya Irohazaka, na wakati huohuo misonobari ya karamatsu kule Senjogahara, ambayo tofauti na misonobari mingine hupukutisha majani, huwa ya dhahabu. Mji wenyewe na mahekalu yake hufikiwa katika nusu ya kwanza ya Novemba, wakati juu miti imeshabaki mitupu.

Faida ya kujua haya ni kwamba tarehe yako ya likizo haikufungi sana. Ukisikia majani yamechelewa mwaka huu, panda juu zaidi. Ukisikia yamewahi, baki chini. Na miaka ya karibuni, kiangazi kikiwa kinakawia kuondoka, kuchelewa ndiko kunakotokea zaidi. Kampuni za utabiri wa hewa za Japani huanza kutoa ramani za majani mapema katika msimu, na hoteli nyingi huweka picha za siku hiyohiyo mtandaoni. Picha ya jana ina thamani kuliko utabiri wa mwezi uliopita.

Ukinilazimisha nichague wikendi moja, nitasema ya mwisho ya Oktoba, kwa kuwa unapata ziwa, Irohazaka na karamatsu kwa pamoja. Lakini hiyo ndiyo wikendi ya foleni mbaya kuliko zote. Mtu asiyependa bughudha aende wikendi ya pili ya Novemba, asahau milima, ashinde mjini. Ziepuke wikendi zilizoungana na sikukuu: Jumatatu ya pili ya Oktoba, tarehe 3 Novemba na tarehe 23 Novemba.

Majani hugeuka rangi kwa nini? Kwetu mbona hayageuki?

Yapo yanayogeuka. Aliyekulia pwani anaujua mkungu: jani lake huwa jekundu kabisa kabla ya kuanguka, na watoto wanaliokota. Na kila mwenye mwembe uani ameona majani machanga yakitoka na wekundu. Rangi ile ni ya jamii moja na inayopaka milima ya Nikko, inaitwa anthosianini.

Kilichopo Japani na kisichopo kwetu ni ishara moja inayofika kwa miti yote pamoja. Siku zikifupika na usiku ukiwa wa baridi, mti huanza kuvunja klorofili, ile rangi ya kijani, na kurudisha virutubisho vyake kwenye shina na mizizi. Njano ya karotenoidi ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa tu, kwa hiyo hujitokeza yenyewe. Nyekundu ni tofauti: hutengenezwa upya kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani. Ndiyo maana wekundu mkali hutaka mchana wa jua, unaotengeneza sukari, na usiku wa baridi bila barafu kali. Mwaka wa mawingu na mvua nyingi, njano huwepo kama kawaida lakini nyekundu hufifia. Wenyeji wataangalia mlima wakutikisie kichwa, wewe ukiona ni maajabu matupu.

Nafikaje kutoka Tokyo?

Kuna njia mbili za reli. Ya kwanza ni ya kampuni ya Tobu kutoka stesheni ya Asakusa hadi Tobu-Nikko. Treni yao ya haraka huchukua chini kidogo ya saa mbili, kila mtu na kiti chake chenye namba, kwa zaidi kidogo ya yeni 3,000 kwenda tu. Treni za kawaida za njia hiyohiyo ni kama nusu ya bei, ila utabadilisha njiani na safari itazidi saa mbili na nusu. Ya pili ni ya JR, kundi kubwa la kampuni za reli za Japani: Shinkansen hadi Utsunomiya, kama dakika 50, kisha treni ya kawaida ya dakika 45 hadi stesheni ya JR Nikko. Hii inamfaa mwenye pasi ya JR. Asiye nayo apande Tobu.

Viti vya treni ya haraka vya Jumamosi asubuhi katika msimu huu huisha mapema, na vya kurudi Jumapili jioni huisha mapema zaidi. Kata vyote viwili kwa wakati mmoja. Tobu huuza pia pasi za wageni wa nje zinazojumlisha treni ya kawaida na mabasi ya Nikko. Soma vizuri pasi yako inafika wapi, kwa maana ile ya siku mbili ya eneo la mahekalu haikufikishi ziwani, wakati ile ya eneo lote inakufikisha hadi Yumoto.

Nimesikia habari za foleni ya Irohazaka. Ni kweli?

Ni kweli, na ndiyo inayoharibu wikendi za watu.

Irohazaka ni barabara inayopanda kutoka bondeni hadi ziwani kwa kona kali 48, kila kona ikiwa na kibao chenye herufi yake kutoka mpangilio wa zamani wa silabi za Kijapani: i, ro, ha na kuendelea. Kwa kweli ni barabara mbili. Moja ni ya kupanda tu, ina kona 20. Nyingine ni ya kushuka tu, ina kona 28. Hakuna ya tatu. Kila basi, kila gari la kukodi na kila pikipiki inayokwenda ziwani inabanana humo.

Siku ya kawaida basi kutoka Tobu-Nikko hadi Chuzenji huchukua dakika 45 hadi 50. Jumamosi ya mwisho wa Oktoba, ukipanda basi la saa nne asubuhi, huenda ukafika baada ya saa mbili, hata tatu, ukiwa umesimama. Dawa yake ni moja: uwe ndani ya basi kabla ya 08:00. Hiyo ina maana ama utoke Tokyo na treni za alfajiri, ama ufike Nikko Ijumaa usiku ulale mjini. Kushuka kuna tabia hiyohiyo, ila kwa saa nyingine: asubuhi barabara ya kushuka ni nyeupe, mchana inajaa, na kuanzia saa tisa alasiri ni taabu.

Jambo jingine linalowaponyoka wageni: kituo cha Akechidaira, chenye kigari cha kuning'inia kwenye nyaya kinachokupandisha kwa dakika tatu hadi mahali unapoyaona ziwa, Kegon na mlima Nantai kwa jicho moja, kiko kwenye barabara ya kupanda. Basi la kurudi halipiti hapo. Kama unakitaka, shuka wakati wa kwenda.

Nilale mjini au juu?

Juu. Hili nina msimamo nalo. Wageni wengi huja Nikko asubuhi na kurudi Tokyo jioni, kwa hiyo saa kumi na moja ufuko wa Chuzenji unakuwa wa wale wanaolala hapo, na asubuhi inayofuata unapata saa mbili nzuri kabla basi la kwanza lenye watu halijafika. Chuzenji kuna hoteli nyingi zaidi. Yumoto ni kijiji kidogo chenye harufu ya kiberiti, maji yake ya moto ni ya rangi ya maziwa, na usiku hakuna la kufanya isipokuwa kuoga na kulala. Kwa wengine hiyo ni kasoro.

Nyumba za wageni za Kijapani, ryokan, hutoza kwa kichwa, si kwa chumba, na bei kwa kawaida hujumuisha chakula cha jioni na cha asubuhi. Tegemea kuanzia yeni 15,000 kwa mtu, na usiku wa Jumamosi huwa ghali kuliko mwingine wowote. Weka nafasi miezi miwili mitatu kabla. Chakula cha jioni kina saa yake, mara nyingi 18:00 au 18:30, na mpishi ameandaa sahani zako kumi na kitu kwa ajili ya saa hiyo. Ukiona utachelewa, piga simu.

Siku mbili hizo nizigaweje?

Jumamosi, basi la mapema, moja kwa moja hadi Yumoto au Yudaki bila kusimama ziwani. Acha begi kwenye hoteli au kwenye kabati la sarafu pale stesheni. Halafu shuka kwa miguu: kutoka maporomoko ya Yudaki, yenye urefu wa mita 70 hivi, njia inafuata mto ndani ya msitu, inatokea kwenye mbuga ya Senjogahara juu ya mbao zilizotandazwa, inaishia kwenye maporomoko ya Ryuzu. Ni mwendo wa saa mbili na nusu bila haraka, karibu wote ni tambarare au mteremko. Hadithi ya wenyeji inasema mbuga hii ilikuwa uwanja wa vita: mungu wa mlima Nantai alijigeuza nyoka, mungu wa mlima Akagi akajigeuza tandu, wakapigania ziwa. Nantai alishinda. Ukiutazama ulivyoisimamia mbuga nzima, mita 2,486, huoni ajabu.

Ryuzu ndipo picha nyingi za kadi zinapopigwa. Maji yanateleza juu ya mwamba mweusi kwa zaidi ya mita 200, majani kila upande, na kuna duka la chai pale chini. Kaa. Jioni panda basi hadi unapolala.

Jumapili amka mapema uende Kegon, maporomoko ya mita 97 yanayomwaga maji ya ziwa. Kuna lifti iliyochimbwa ndani ya mwamba inayokushusha hadi karibu na mguu wa maporomoko. Foleni yake asubuhi ni fupi. Ukibaki na muda, tembea ufuko wa mashariki wa ziwa hadi nyumba za zamani za likizo za mabalozi. Ya Italia ilijengwa 1928 kwa usanifu wa Antonin Raymond, kuta zake za ndani zimepambwa kwa magome ya sugi, mwerezi wa Kijapani, kwa mitindo tofauti, na ukikaa kibarazani unaelewa kwa nini wanadiplomasia walikimbilia huku kiangazi cha Tokyo kilipowazidi. Ya Uingereza iko jirani, ilianza kama nyumba ya mwanadiplomasia wa Uingereza Ernest Satow mwaka 1896. Kufika saa nne na nusu uwe kwenye basi la kushuka. Mchana ni wa mahekalu, jioni treni.

Mahekalu yanastahili nusu siku?

Yanastahili, hata kwa asiye na hamu ya historia. Toshogu ni kaburi la Tokugawa Ieyasu, mtawala aliyeanzisha ukoo uliotawala Japani kwa zaidi ya miaka 250. Alifariki 1616, mwaka uliofuata akahamishiwa Nikko, na mjukuu wake Iemitsu akayajenga upya majengo mnamo 1636 kwa dhahabu na nakshi zisizo na kiasi. Lango la Yomeimon peke yake lina nakshi zaidi ya 500. Wale nyani watatu mashuhuri, asiyeona, asiyesikia na asiyesema, wako hapa, kwenye ukuta wa banda la farasi. Kaburi lenyewe liko juu ya ngazi 207 za mawe. UNESCO iliyaorodhesha mahekalu haya mwaka 1999.

Jambo la kujua mapema: miti mirefu inayozunguka Toshogu ni sugi, nayo haigeuki rangi. Wanaokuja kutafuta wekundu pale ndani hutoka wamenuna. Mjini rangi iko kwenye bustani ya Shoyoen ya hekalu la Rinnoji, kando ya daraja jekundu la Shinkyo, na kwenye bonde la Kanmangafuchi, ambako sanamu za mawe za Jizo, mlinzi wa watoto na wasafiri katika Ubudha, zimepangwa mstari kando ya mto zikiwa na kofia nyekundu vichwani. Kanmangafuchi ni bure na watu ni wachache.

Baridi yake ikoje?

Mtu wa Makete, Njombe au Limuru hatashtuka mchana. Usiku ni habari nyingine: mwishoni mwa Oktoba kule juu kipimo hukaribia sifuri, na upepo wa ziwani una meno. Vaa nguo juu ya nguo badala ya koti moja zito: fulana, sweta, koti linalozuia upepo. Glavu nyepesi, soksi nene, kofia. Viatu vya raba vinatosha kwa njia za mbao, mradi visiteleze, kwa sababu mbao zikilowa umande zinateleza kama sabuni.

Chakula halali kinapatikana?

Kwa kujipanga. Shida si nyama ya nguruwe peke yake, ambayo unaweza kuiona na kuikwepa. Shida ni mirin na sake, vileo vinavyotiwa kwenye michuzi, hata kwenye vyakula vinavyoonekana vya mboga tupu. Yuba, utando wa maziwa ya soya ambao ndio fahari ya Nikko, mara nyingi hupikwa kwenye mchuzi wa namna hiyo. Tambi za soba vilevile, kwa sababu ya supu yake. Samaki wa kuchoma kwa chumvi wanaouzwa vibandani karibu na maporomoko ni salama zaidi, na viazi vitamu vya kuchoma havina maswali.

Ryokan huchukua maombi ya chakula wakati wa kuweka nafasi, si ukishafika. Andika kwa Kijapani wazi: hakuna nguruwe, hakuna nyama isiyo halali, hakuna pombe wala mirin. Baadhi watakubali, wengine watakataa kwa adabu, na huko kukataa ni kwema kuliko kukubali nusunusu. Njia ya uhakika ni kulala bila chakula na kubeba chako kutoka Tokyo. Na gyoza za Utsunomiya, vijisambusa vya Kijapani utakavyoona matangazo yake njia nzima, karibu zote ni za nguruwe.

Na sala?

Mwanzoni mwa Novemba jua huzama kama 16:40, na bondeni hutangulia kufichwa na milima. Adhuhuri na Alasiri zinakaribiana sana, kwa hiyo msafiri akizikusanya siku yake inakwenda vizuri. Mkeka mwembamba na programu ya kibla kwenye simu vinatosha; sehemu tulivu kando ya ziwa hazikosekani na hakuna atakayekusumbua. Anayepitia Tokyo siku ya Ijumaa ana msikiti mkubwa wa Tokyo Camii karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara.

Kwenye majimoto ni lazima kuvua nguo zote?

Kwenye bafu la pamoja, ndiyo. Wanaume upande wao, wanawake wao, bila nguo ya kuogelea. Kile kitaulo kidogo hakiingizwi majini. Unaoga kwa sabuni kwanza, umekaa kwenye kigoda, unajisuuza vizuri, ndipo unaingia. Asiyeweza kukaa uchi mbele ya watu, na wengi wetu ni hivyo, aulize bafu la kukodi kwa familia. Hoteli nyingi zinalo, unafunga mlango. Au aweke miguu tu: Yumoto kuna dimbwi la wazi la kuloweka miguu. Mwenye tatuu aulize kabla. Vazi la yukata ukipewa, upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovalishwa maiti.

Tofauti ya saa na nyumbani ni ngapi?

Saa sita mbele ya Tanzania, Kenya na Uganda, saba mbele ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, tano mbele ya Muscat. Hapo kuna kioja kidogo. Kwa kuwa Kiswahili nacho huhesabu saa kwa tofauti ya sita, saa ya ukutani pale Tobu-Nikko huonyesha namba ileile anayoitamka mama yako Tanga dakika hiyohiyo. Stesheni ikiandika 09:00 asubuhi, kwake ni saa tisa, ila saa tisa usiku. Picha za majani mtumie, simu ngoja jioni.

Kuna wanyama wa hatari?

Nyani wapo, hasa Irohazaka na karibu na maduka ya zawadi. Kuwalisha ni marufuku, na mfuko wa plastiki mkononi kwao ni mwaliko. Dubu weusi nao wapo msituni, na vuli ndiyo wakati wanapotafuta chakula cha kujinenepesha kabla ya baridi. Usitembee msituni alfajiri au magharibi ukiwa peke yako, funga kengele kwenye begi, na usome vibao vya tahadhari pale njia zinapoanzia. Njia ikifungwa, imefungwa.

Naweza kukodi gari?

Usukani uko kulia, mnaendesha kushoto, na gari lenyewe huenda ni lilelile uliloliacha nyumbani. Tatizo ni leseni: kibali cha kimataifa kinachotambuliwa Japani ni cha Mkataba wa Geneva wa 1949, na si kila nchi yetu inatoa hicho. Na hata ukiwa nacho, gari halikuokoi na foleni. Linakuongezea kazi ya kutafuta maegesho.

Pesa taslimu au kadi?

Vyote. Hoteli na stesheni zinapokea kadi. Vibanda, mabafu madogo na baadhi ya mahekalu wanataka sarafu. Toa pesa ukiwa bado Tokyo, au kwenye ATM za maduka ya 7-Eleven. Mapipa ya taka ni adimu, kwa hiyo beba mfuko wa takataka zako.

Nina watoto wadogo, au mzazi wa makamo.

Ruka njia ndefu. Basi linasimama karibu na Ryuzu, Kegon ina lifti, na kuna boti ya matembezi ziwani ambayo inaonyesha milima yote bila hatua moja ya kupanda. Ngazi za Toshogu ndizo zinazochosha magoti. Mzee anaweza kubaki ua wa chini na bado akawaona nyani watatu. Kigari cha mtoto acheni hotelini, mumbebe mgongoni.

Naruhusiwa kuchuma majani?

Ya mtini hapana, ni hifadhi. Picha piga, ila usiweke vigingi vya kamera kwenye njia za mbao. Ni nyembamba na watu wanapishana humo.

Mvua ikinyesha?

Nenda. Ukungu ukifunika Kegon unaweza kusikia ngurumo tu bila kuyaona maji, kwa hiyo anza na Ryuzu na msitu, ambako rangi huiva zaidi majani yakiwa yamelowa. Mwavuli wa plastiki unauzwa kila duka. Kimbunga ni jambo jingine: vimbunga vya Oktoba husimamisha treni, na tangazo hutolewa siku moja kabla. Likitoka, ahirisha.

Viza inahitajika?

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza kabla ya kusafiri. Japani ina ubalozi Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Kinshasa, na ukiwa mkazi wa nchi nyingine, kama Oman, kwa kawaida unaomba huko unakoishi. Aliyeko Japani tayari kwa masomo au kazi haombi chochote kwa ajili ya Nikko. Abebe tu kadi yake ya ukazi, maana sheria inamtaka awe nayo wakati wote.

Nimechelewa, ni mwisho wa Novemba na hoteli zimejaa. Nifanye nini?

Nikko usiende, juu pamekauka. Mwishoni mwa Novemba rangi imeshateremka hadi Tokyo kwenyewe: mlima Takao, mita 599, uko chini ya saa moja kwa treni kutoka Shinjuku, na unaupanda na kushuka kwa nusu siku. Mwenye wikendi nzima na nguvu ya kusafiri aende Korankei, mkoa wa Aichi, bonde lenye miti ya momiji (maple ya Kijapani) kama 4,000 kando ya mto, ambalo usiku huwashiwa taa mwezi mzima wa Novemba. Basi linakwenda kutoka upande wa Nagoya na Toyota, na foleni yake nayo ina sifa zake, kwa hiyo ile kanuni ya kufika kabla ya saa mbili asubuhi ihamishie huko.